Mama hana uvivu, ana saa za kazi

Bwana Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya wiki iliyopita juu ya watoto wa Lubumbashi wasiomaliza chanjo, na pale mwishoni mwandishi wenu kaandika eti wamama wa siku hizi wanapenda falanga, yaani pesa, kuliko watoto wao. Mulamu wangu, wifi yangu, ndo alinitumia picha ya ule ukurasa ku WhatsApp akiniuliza kama nimeona hayo matusi. Nimeyaona. Naandika sasa hivi hasira ikiwa bado moto juu ikipoa sitaandika tena, mnajua vile siku ya mwanamke wa kazi inavyokwenda, jioni ikifika ni kupika bukari (ugali), ni kufua, ni daftari za watoto, barua kwa gazeti inangoja mpaka milele.

Watoto wanakosa chanjo, hilo sibishi. Nabishia sababu. Mwandishi wenu aende siku moja kwenye kituo cha afya, popote mu mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kenya, Kisanga, Ruashi, siku ile ya kupima watoto na kuwachanja, lakini asifike saa nne na kamera akutane na shefu, mkubwa wa kituo, halafu arudi buroni, ofisini kwake. Afike saa kumi na mbili na nusu akae kwenye benchi na sisi. Ataona mizani inaning'inia ku mbao ya juu, mtoto anaingizwa ndani ya kile kisuruali cha kitambaa anatundikwa analia, infirmiye, yaani muuguzi, anasoma kilo, mwenzake anaandika kwenye fishi, karatasi ya mtoto, kabla ya hapo kuna mafunzo, kuna wimbo, kuna kungoja ile boksi ya baridi itoke ku buro ya zone ya afya. Sindano yenyewe ni dakika moja. Asubuhi nzima imeisha.

Mara ya mwisho pembeni yangu alikaa mama mmoja amefunga kikwembe juu ya yunifomu ya kampuni, viatu vya usalama miguuni, mtoto mgongoni. Simu ikalia. Akanipa mtoto, akatoka mbio mpaka nje ya lupango (ua wa kituo) ndo akapokea, juu shefu asisikie sauti za watoto. Kazini alikuwa amesema yuko benki. Nikawa nashika watoto wawili, wangu na wake, na wake ndo alikuwa anafuata ku mizani. Huyo ndo mnamwita mpenda falanga.

Sasa kwa nini chanjo ni siku moja tu ya wiki, au zingine mara moja kwa mwezi? Mimi pia nilikuwa nalaumu wainfirmiye, mpaka mmoja, mama mtu mzima anayekaribia pensheni, akanieleza vizuri. Chanjo ya surua inakuja unga mkavu ndani ya kachupa, unachanganya na maji yake, na kachupa kamoja ni dozi 10. Ukishachanganya, masaa 6 yakipita, kinachobaki unatupa. BCG, ile ya kifua kikuu, ni vile vile, na kachupa kake ni dozi 20. Kwa hiyo mama akifika na mtoto mmoja siku ya Alhamisi, infirmiye anaona dozi 9 zinakwenda pipani, na mwisho wa mwezi ku buro ya zone watamuuliza ulitupa nyingi vile kwa nini, basi anamwambia mama arudi siku ya kipimo na wenzake. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kachupa kafunguliwe hata kwa mtoto mmoja, juu mtoto aliyerudishwa nyumbani hujui kama utamuona tena. Lakini yule anayeogopa kuishiwa chanjo ni infirmiye, si Shirika. Namuelewa kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba BCG ya mtoto aliyezaliwa jana inangoja siku ya kundi, na mama mwenye nyuzi bado mbichi anapanda taksibisi kurudi tena.

Mpaka hapo nazungumza juu ya mama yeyote. Sasa ongeza kazi.

Kodi ya kazi yetu, yaani sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 130, inampa mwanamke anayezaa wiki 14 za kupumzika, 6 kabla ya kuzaa na zisizozidi 8 baada ya kuzaa, na anapata theluthi mbili za mshahara, mtoto awe mzima au Mungu amchukue. Vizuri sana, hata nchi jirani zingine hazina wiki nyingi hivyo. Halafu chukua karatasi ya chanjo uiweke pembeni: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, halafu miezi 9 kwa surua na homa ya manjano. Hesabu mwenyewe. Wiki ya 6 mama yuko nyumbani, anakwenda bila shida. Wiki ya 8 konje, ile likizo ya uzazi, imeisha. Wiki ya 10 yuko kazini, wiki ya 14 yuko kazini, miezi 9 yuko kazini na labda shefu ameshasahau kama huyu alizaa. Kama ni kweli watu wanaanza chanjo vizuri halafu wanapotelea katikati, mimi sishangai wanapotelea wapi. Hakuna aliyekaa chini akaweka hizo karatasi mbili pamoja, ya wizara ya kazi na ya wizara ya afya. Kila wizara na kalenda yake, mama katikati.

Kuna wanawake wanafanya kazi mpaka uchungu unaanza, wakifikiri zile wiki 6 za mbele watazihamisha nyuma wakae na mtoto siku nyingi. Wengine wana shefu mwenye roho nzuri anakubali. Lakini sheria imeandika 8 baada ya kuzaa na pale pale inasema ndo mwisho, kwa hiyo shefu akikataa huna pa kumshitaki, umezunguka na tumbo la miezi tisa mu joto la mwezi wa kumi bure.

Na hao wa konje ndo wenye bahati. Mji wetu umejaa kampuni ndogo zinazochukua kazi kwa zile kubwa za migodi, usafi, jikoni, kufua nguo za wafanyakazi, kulinda, na kule kontra, mkataba wa kazi, ni ya miezi mitatu. Tumbo likianza kuonekana hakuna anayekufukuza, wanajua sheria inakataza kuvunja kontra ya mwanamke aliye kwenye konje ya uzazi. Wanangoja tu kontra iishe yenyewe, wanakushukuru, wanakupa karatasi ya mwisho wa kazi na mkono wa kwaheri. Sheria hiyo hiyo inasema kontra ya muda inarudiwa mara moja tu, ukiacha kazi za msimu na zingine zilizotajwa, zaidi ya hapo ni kazi ya kudumu, lakini mwambie hiyo mtu wa personeli, yule wa mambo ya wafanyakazi, uone atakavyokuangalia. Pia sheria inakataza kumdai mwanamke kipimo cha mimba ndo apewe kazi. Nasema tu. Kila mtu mu Lubumbashi anajua mahali wanapodai.

Basi mwanamke anafanya nini? Anaficha. Anavaa blauzi pana, anabeba ndoo kama kawaida, na CPN, kliniki ya wenye mimba, haendi, juu ukienda CPN lazima uombe ruhusa, na ukiomba ruhusa mara mbili asubuhi wenzako wanaanza kuhesabu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara 8 wakati wa mimba, ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita, na 5 kati ya hizo 8 zinaangukia ile miezi mitatu ya mwisho, wakati mwili umechoka na wakati ruhusa ni ngumu kuliko zote. Anayeficha anakuja mara ya kwanza miezi sita, saba. Pale ameshakosa mengi. Fansidar ya kuzuia malaria, vile vidonge vitatu unavyomeza mbele ya infirmiye, inaanza mimba ikiingia mwezi wa nne, na inabidi uimeze angalau mara tatu, mwezi kwa mwezi. Mkojo haujapimwa, presha haijapimwa, damu haijulikani kama iko chini, kipimo cha kaswende na cha virusi vya UKIMWI hakijafanyika wakati bado kuna muda wa kumkinga mtoto. Halafu siku presha inapanda anaanguka kazini, wote wanasema kumbe alikuwa na mimba, mbona hakusema.

Kwa nchi ambayo uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta wamama 846 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, hiyo "mbona hakusema" inaniuma sana.

Nije ku maziwa. Infirmiye anatuambia miezi 6 titi peke yake, hata maji hapana, halafu uendelee na chakula mpaka miaka miwili. Tunaitikia wote ndiyo mama. Konje inaisha wiki ya 8. Kodi ya kazi, kifungu cha 131, inampa anayenyonyesha nusu saa mara mbili kwa siku, na hiyo saa inalipwa kama saa ya kazi. Wanawake wengi hawajui kabisa kwamba iko, nimeuliza kazini kwetu, wakanicheka. Lakini hata ukiijua, mama anayekaa Kasapa au kule mwisho wa Ruashi na kazi yake iko katikati ya mji, nusu saa anafika wapi? Hajavuka hata rond-point ya kwanza, taksibisi bado inangoja ijae. Kwa hiyo hiyo nusu saa ni ya mtu ambaye mtoto yuko karibu, na mtoto hawezi kuwa karibu juu hakuna kreshi, mahali pa kulelea watoto, na shefu hataki mtoto buroni. Inabaki kukamua. Unakamulia wapi? Chooni. Nimefanya hivyo, nimeegemeza mgongo ku mlango juu haufungi, kikombe mkononi, mtu anagonga anauliza uko salama. Maziwa ya mama yanakaa vizuri kama masaa 4 nje ya frigo, na frigo ya kazini iko na vinywaji vya wageni, ya nyumbani SNEL, kampuni ya umeme, ikiamua imeamua. Msinielewe vibaya, sisemi shefu ni mtu mbaya, shefu wangu ana watoto wanne na anawapenda, hajawahi tu kufikiri maziwa yanapitia wapi.

Wengi wanafanyaje? Uji wa unga unaanza mwezi wa tatu, na maziwa ya kopo kama falanga iko, yamechanganywa na maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anaachwa na kambo, bibi yake, au na kasichana ka miaka kumi na tatu ambako nako kangepaswa kuwa shuleni. Kuhara kunaanza. Halafu mama anaomba ruhusa ya mtoto mgonjwa, siku tatu, wiki, na kampuni iliyokataa nusu saa sasa inapoteza wiki. Hesabu hiyo nayo hakuna anayeifanya.

Wamama wa soko ni habari nyingine, na ndo wengi kuliko sisi wa buro. Mulamu wangu anauza kapenta, wale samaki wadogo, mu soko la mtaa wa Kenya. Hana kontra, hana konje, hana wa kumuomba ruhusa, na watu wanasema si basi yuko huru, aende kliniki anapotaka. Huru wapi. Asubuhi ndo wateja wanakuja, wale wa kununua kwa jumla wanapita mapema, na siku ya kupima watoto nayo ni asubuhi. Akienda kupima, meza inalala, mtu wa ushuru wa soko atapita na tiketi yake vile vile, deni la kapenta liko pale pale, na jioni bukari itoke wapi. Alirudi mu soko siku chache baada ya kuzaa, mtoto chini ya meza ndani ya karton, juu ya magunia, moshi na vumbi vyote vyake. Sizungumzii sheria hapo, kwa sababu hakuna sheria inayomfikia. Kinachoweza kumfikia ni infirmiye. Wakati wa kampeni ya polio mbona wanafika mpaka mu soko na boksi zao, wanapaka mtoto wino ku kidole palepale mezani? Kumbe njia ya kufika wanaijua.

Wazee wetu wakisikia haya wanaanza: wakati wa Union Minière, wakati wa Gécamines, zile kampuni kubwa za migodi, hakukuwa na mambo hayo, mwanamke alizalia hospitali ya kampuni, mtoto anapimwa, posho inakuja, maziwa yanakuja. Ni kweli, mama yangu alinizaa hivyo hivyo na hakulipa kitu. Lakini tuseme ukweli wote. Ile huduma ilikuja kupitia kazi ya baba. Kampuni ilitaka mfanyakazi akae, asikimbie, kwa hiyo ilitunza mke na watoto, na mke alitakiwa awe nyumbani na awe na muda wa kupanga mstari asubuhi nzima. Siku baba alipopoteza kazi, na mnakumbuka 2003 vile zaidi ya watu 10,000 walivyoondoka Gécamines na bahasha yao ya mwisho, huduma iliondoka na yeye, na mama ndo akaingia mu soko na mu kazi za usafi kulisha nyumba. Sasa yeye ndo mfanyakazi, lakini kliniki bado inamngoja saa moja asubuhi siku ya kazi, kana kwamba bado yuko kwenye kambi ya Gécamines na mume ameshuka ku shimo.

Hata hiyo habari ya kuzaa bure. Tarehe 5 Septemba 2023 Rais Tshisekedi alizindua kule Kinshasa mpango wa kuzaa bure pamoja na matunzo ya mtoto mchanga, na mimi naufurahia kwa moyo wote, nani hajawahi kuona mama aliyezuiwa hospitali na mtoto wake wiki nzima juu ya bili. Mfanyakazi mwenye kontra naye, sheria inamlazimisha tajiri, mwenye kumpa kazi, kulipa matibabu yake na ya familia, mimba na kuzaa vikiwemo. Na ku CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tajiri anakatwa 6.5% kwa ajili ya familia, na sheria ya 2016 imeweka ndani yake posho za mimba na za uzazi, ulizeni kazini kwenu kama mmeandikishwa kweli, msiridhike na kuona makato ku fishi ya malipo tu. Yote hayo ni falanga, na falanga ni muhimu. Lakini kitu cha bure kinachotolewa saa ambayo huruhusiwi kutoka, kwako hakipo.

Tunachoomba si kikubwa, na hakihitaji jengo jipya. Jumamosi. Kila zone ya afya ichague vituo viwili au vitatu vipime watoto na kuona wenye mimba siku ya Jumamosi, mpaka saa kumi, na waseme wazi ni vipi. Watoto watakuja wengi, kachupa ka dozi 10 kataisha, na ile hofu ya kutupa itaisha nayo. Najua wainfirmiye watasema Jumamosi nani atatulipa, na wana haki, wengine wanaishi kwa kaprime, kaposho ka juu ya mshahara, ambako hakafiki kila mwezi. Basi hapo ndo kampuni zichangie. Kampuni inayotuma wanawake ishirini kituo kimoja inaweza kulipa Jumamosi ya infirmiye mmoja na isisikie hata maumivu, rahisi kuliko ruhusa ishirini za katikati ya wiki. Na ile nusu saa mbili za titi, mama akitaka aziunganishe atoke kazini saa moja mapema, wakubaliane kwa karatasi, mtoto anyonye akiwa bado macho.

Inspekta wa kazi naye tungependa kumuona akiuliza kitu kingine zaidi ya rejista na vizuia moto. Aulize: wanawake wangapi walizaa mwaka jana, na wangapi bado wako kazini? Maswali mawili tu, na akae pale mpaka ajibiwe.

Kwenu nyinyi wa gazeti nina ombi moja. Acheni kutuhubiria, tusaidieni na kitu ambacho mnakiweza. Chapisheni ratiba. Kituo kwa kituo, kuanzia Kenya, Katuba, Kampemba, Kamalondo, Ruashi, Kisanga, Tshamilemba, mpaka mwisho: kinapima watoto siku gani, saa ngapi wanafunga mlango wa kuandikisha, surua na BCG wanatoa siku gani, CPN siku gani, na nani anakubali mtoto wa mtaa mwingine. Hiyo karatasi haipo popote, tunaulizana ku WhatsApp na nusu ya majibu ni uongo. Mkiichapisha, mimi mwenyewe nitaibandika ku mlango wa buro ya personeli, na mulamu wangu amesema ataibandika mu soko pale kwenye kapenta.

Wenu,
Mama mfanyakazi, Kampemba, Lubumbashi